Boya Zima

Mimi ndiye niliyesema Mzee Tadei ni mwongo. Nilisema mbele ya kamati, nimevaa sweta langu jekundu, karatasi mkononi, na sauti haikutetemeka hata kidogo. Naanzia hapo makusudi. Kuna watu wakisimulia makosa yao huanzia mbali, wanazunguka weee mpaka msikilizaji anachoka, anawasamehe apate kwenda kula. Mimi sitaki hivyo.

Naitwa Dominika. Ni fundi wa kompyuta, chumba changu cha kazi kiko Chanji, hapa Sumbawanga. Wanaoleta simu zao niwawekee nyimbo nawapokea, njaa haina aibu, lakini kazi yangu hasa ni kuandika programu. Miaka minne iliyopita ulikuja mradi wa kuweka boya katikati ya Ziwa Tanganyika, upande wa Kasanga. Boya lile lina kipima upepo na redio. Upepo ukichafuka huko mbali, linatuma habari kwenye kompyuta ndogo iliyoko ofisi ya mradi, Matai, na kompyuta inawasha king'ora ufukweni. Wavuvi wakisikia king'ora, hawatoki. Ndiyo kazi yake yote. Programu tuliiandika wawili, mimi na Isdori, niliyesoma naye chuo, ambaye siku hizi yuko Dodoma. Yeye aliandika upande wa king'ora, mimi upande wa boya.

Mzee Tadei alikuwa mwangalizi pale Matai. Mezani kwake kulikuwa na kitufe kimoja cha kuzima boya, maana mafundi wakienda kulisafisha wanalitikisa, na bila kuzima king'ora kingelia bure. Ukikibonyeza, kompyuta inaacha kulisikiliza boya kwa saa mbili.

Na Bashiri. Huyu alikuwa mvuvi, ndiye aliyetupeleka kwa mtumbwi wake siku ya kulifunga lile boya. Nilitapika njia nzima, naye ananitania, "Dada wa mlimani, vumilia, huku hakuna kituo cha kushuka!" Nilimpenda kama kaka. Yeye ndiye aliyewashawishi wenzake. Zamani kabla ya kutoka walikuwa wanasimama ufukweni kutazama mawingu ng'ambo ya Kongo, wanabishana, wengine wanarudi nyumbani. Bashiri akawaambia sasa tuna jicho hukohuko mbali, king'ora kisipolia twendeni. Wakaacha kutazama mawingu.

Mwezi wa tatu mwaka huu, siku ya Jumanne, saa tisa na dakika arobaini hivi alasiri, dhoruba ililikuta boya. King'ora hakikulia. Saa kumi Bashiri na wenzake watano walitoka kwenda dagaa. Maiti zilizopatikana ni nne. Wa tano aliokotwa hai, akiwa ameshikilia dumu. Bashiri hajaonekana mpaka leo. Mkewe, Mwanamvua, alingoja, na masheikh walipokata shauri kuwa mumewe amekufa, akaingia eda bila kaburi.

Kompyuta ya Matai huweka kumbukumbu ya kila inachofanya. Ya siku ile ilikuwa na mstari mmoja ambao kila mtu aliuona: saa tisa na dakika arobaini na mbili, BOYA_ZIMA, moja. Moja maana yake ndiyo, sifuri maana yake hapana. Mwenyekiti wa kamati iliyoundwa kuchunguza vifo vile alisoma kwa sauti: boya, zima. Basi, mtu alizima boya katikati ya dhoruba. Na kitufe kiko mezani kwa nani?

"Sikubonyeza," Mzee Tadei akasema. "Nilikuwa nakunywa chai. Kikombe mkono huu, andazi mkono huu. Nibonyeze na nini?"

Watu wengine walicheka. Mimi nilichemka. Bashiri wangu yuko chini ya ziwa, na huyu mzee anatuletea habari za andazi! Nikaiambia kamati, nipeni hiyo kompyuta, nitawaletea ushahidi ambao hata yeye hataubishia. Nikaipakia, nikapanda nayo mpaka Chanji.

Sasa nieleze kidogo, na asiyejua kompyuta asiogope. Kuna programu tunaiita debaga. Ni ya kuchungulia programu nyingine ikiwa inafanya kazi, uone inakosea wapi. Unaweza kuiambia debaga, nilindie mahali pa kumbukumbu penye jina fulani, na yeyote atakayeandika hapo, simamisha kila kitu unionyeshe mkono wake. Mimi niliiambia ilinde boya_zima. Nikasoma upande wa Isdori mstari kwa mstari: pale boya_zima inageuka kuwa moja mahali pamoja tu, kitufe kinapobonyezwa. Upande wangu sikuusoma. Niusome wa nini, si niliuandika mwenyewe? Kisha nikairudishia kompyuta habari zote za dhoruba ile, kama vile boya ndilo linazituma upya, bila mtu kugusa kitufe. Ikaenda polepole mno, kutwa nzima. Mpaka mwisho, boya_zima ilibaki sifuri.

Nikachapa karatasi, nikashuka nayo Matai. Nikasema mashine peke yake haijizimi, nimejaribu. Iliyozima ni mikono ya mtu. Nikamtazama Mzee Tadei usoni. "Mzee, acha uongo. Watu wamekufa."

Aliitazama ile karatasi, akaigeuza nyuma, akairudisha mbele.

Wiki mbili baadaye alikiri. Alitia sahihi kwamba huenda alibonyeza bila kujua, kisha kwamba alibonyeza. Mkewe alikuwa ameshafungasha, amerudi kwao, kwa sababu sokoni hakuna aliyekuwa anamwitikia salamu. Wazee wa huku juu na wa kule ziwani walishauriana, wakampeleka Kasanga kuomba msamaha. Mwanamvua yumo ndani ya eda, hatoki, kwa hiyo mzee alipiga magoti nje ya mlango, mvi zake zote, mbele ya watu. Wanasema alikaa vile muda mrefu. Halafu sauti ikatoka ndani: "Nimekusamehe. Nyanyuka uende kwako."

Niliposimuliwa, unajua nilisema nini? Nilisema, "Si niliwaambia?"

Ikafika mwezi wa sita. Baridi ya mwezi wa sita Sumbawanga unaijua mwenyewe, vidole vinakataa kubonyeza. Lucia, karani wa kamati, akanipigia simu. Anafunga jalada, anataka nakala safi ya karatasi yangu. Nikafungua ile kompyuta ya Matai, ambayo bado ilikuwa kwangu, nichape. Wakati karatasi inatoka nikawa naisoma, kwa kukosa cha kufanya tu, na nikaona kuna neno halipo.

Ni neno moja. Debaga inapokubali kulinda mahali, huandika kwamba imeweka ulinzi wa prosesa. Yangu ilikuwa imeandika imeweka ulinzi, basi. Ukiwa na haraka huoni tofauti. Ukiwa na hasira ndiyo kabisa.

Tofauti ni hii. Prosesa yenyewe, kile kichwa cha kompyuta, ina nafasi nne za walinzi. Ukimkalisha mlinzi pale, analinda bila kuchelewesha kazi, mashine inakwenda mwendo wake wa kila siku. Lakini ili debaga iwafikie walinzi hao, lazima iwe imetengenezwa kwa ajili ya mfumo endeshi wa mashine hiyohiyo, yaani programu mama inayoiendesha, ijue mlango wa kupitia. Kompyuta ya Matai inatumia mfumo endeshi wa jamii ya BSD, ambao hapa mjini sijui kama tunafika wawili tunaoujua. Debaga niliyoikuta humo ilitengenezwa bila sehemu hiyo. Kwa kuwa haikuwapata walinzi, ikawa inalinda yenyewe: programu ikipiga hatua moja, inaisimamisha, inakagua, inairuhusu hatua nyingine. Ndiyo maana ilichukua kutwa.

Na boya halingoji kutwa. Boya likiulizwa jambo, jibu lisipopokelewa ndani ya nusu sekunde, swali linatupwa. Kwa mwendo ule wa konokono, kila swali lililohusu dhoruba lilikuwa limetupwa. Nilikuwa nimeijaribu mashine ikiwa imefungwa miguu, halafu nikaenda kuapa mbele ya watu kwamba haikimbii.

Nilikaa chini. Nikajiambia, Dominika, usianze. Jalada linafungwa, mzee amekiri, mjane amesamehe. Chapa karatasi, mpe Lucia. Kweli niliiweka ndani ya bahasha. Bahasha ikakaa mezani siku mbili, kila nikiipita naigeuza uso chini. Siku ya tatu nikaanza kuitengeneza debaga upya.

Kazi yenyewe si ya kishujaa. Debaga huja na faili la kusanidi, ambamo kila mfumo endeshi una mistari yake: ukiwa unajenga kwa mfumo fulani, chukua faili hili na hili. Mistari ya mfumo wetu ilikuwepo, ila faili la walinzi wa prosesa halikutajwa. Nikaliongeza. Ujenzi ukakataa, kwa sababu kule mwanzo kuna kipimo kinachouliza mfumo endeshi, je, unao mlango wa kusoma na kuandika nafasi zile nne? Kipimo kilikuwa kinatafuta mlango huo kwenye faili ambalo kwetu lina jina jingine, kinakuta patupu, kinajibu hapana. Nikakielekeza. Umeme ukakatika. Ukarudi, nikaanza ujenzi upya, ukakatika tena, nikautukana mpaka jirani yangu Hellena, anayeshona nguo mlango wa pili, akapiga ukuta kwa mkasi. "Dominika! Wateja wangu wanasikia!" Siku tano zilipita hivyo.

Asubuhi ya Jumamosi ujenzi ulimalizika. Nikaiambia debaga ilinde boya_zima. Ikajibu, na lile neno safari hii lilikuwepo: ulinzi wa prosesa. Nikairudishia kompyuta dhoruba ya Bashiri kwa mwendo wake halisi. Hakuna aliyegusa kitufe. Kitufe kilikuwa Matai, kilomita nyingi kutoka mezani kwangu.

Hata chai haikupoa. Saa ya mashine ilipofika tisa na dakika arobaini na mbili, kila kitu kikasimama. Sifuri imegeuka moja. Debaga ikanionyesha aliyeandika: jina la faili, namba ya mstari.

Lilikuwa faili langu.

Yesu na Maria! Nililifungua. Mistari kumi na miwili. Nikaikumbuka yote, mpaka na siku niliyoiandika. Mwaka juzi boya liliwahi kupinduka, likawa linatuma uongo, ndipo nikaongeza ukaguzi mdogo: boya likipigwa na dhoruba kubwa, kompyuta iliulize, bado umesimama? Likijibu ndiyo, andika kwamba ni zima. Halijavunjika, halijapinduka. Boya zima. Nikaiita kumbukumbu hiyo boya_zima, nikaweka moja, nikaenda kula. Tangu siku ile hakukuwa na dhoruba ya kulipiga boya kiasi hicho, mpaka ile ya mwezi wa tatu.

Nikampigia Isdori. Nikasikia kelele za watoto nyuma yake.

"Mambo, Domi."

"Isdori, boya_zima kwako ni nini?"

"Si ile amri ya kitufe? Boya, zima. Kama taa, zima. Kwa nini?"

"Kwangu ni boya zima. Kama yai zima. Kama mtu mzima."

Isdori ni mwepesi, hakuhitaji maelezo. Faili mbili, zimetumia jina moja, na kile chombo cha zamani tulichokuwa tunaunganishia programu kinapoona majina mawili yanayofanana hakiulizi, kinayafanya kumbukumbu moja. Kila mmoja wetu aliona neno lake. Boya lilipigwa, likaulizwa kama ni zima, likajibu ndiyo, mimi ni mzima, na upande wa king'ora ukasikia zima, ukazima.

"Domi," akasema mwishowe, "tulikuwa wawili."

"Mistari ni yangu. Na mwongo nilimwita mimi."

Jumatatu nilipeleka karatasi mpya kwa Lucia. Aliisoma mara mbili, akasema, "Loo, dada." Akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia safari hii nina hakika, na nikaona aibu kwa sababu na ile ya kwanza nilisema hivyohivyo. Kutoka hapo nikaenda nyumbani kwa Mzee Tadei.

Nilimkuta uani anapukuchua mahindi peke yake. Amekonda, shati linamning'inia.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umekuja na karatasi nyingine?"

"Hukubonyeza," nikasema. Nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani, yakaisha yote. "Mzee Tadei, hukubonyeza. Ni programu yangu. Nilikosea mimi, na kwenye kupima nikakosea tena. Wewe ulikuwa unakunywa chai kama ulivyosema."

Aliendelea kupukuchua mpaka gunzi likabaki tupu. Ndipo akanitazama.

"Mbona nakumbuka nikibonyeza?"

"Mzee..."

"Nakumbuka kabisa. Kidole hiki. Kitufe kilikuwa cha baridi." Akakinyanyua kidole chenyewe, akakitazama. "Mwanzoni nilikuwa na hakika yangu. Ulipokuja na ile karatasi nikajiuliza, mashine ina ugomvi gani na mimi? Haina. Basi lazima ni mimi. Nikakaa nikitafuta ile kumbukumbu mpaka nikaipata. Sasa unataka niipeleke wapi?"

Nililia pale, bila kuficha, makamasi na yote. Hakunibembeleza na hakunifukuza. Akachukua gunzi jingine.

"Mama watoto nitamwambia nini? Kwamba ni neno moja tu, lina maana mbili?" Akatikisa kichwa. "Haya. Mimi nilikwenda kwa yule mama kwa magoti. Na wewe nenda."

Nikateremka Kasanga kesho yake. Kule chini joto, nikalivua sweta. Kwa kuwa mimi ni mwanamke niliruhusiwa kuingia ndani. Mwanamvua alikuwa amekaa kwenye mkeka, nguo nyeupe, hana pambo lolote. Alifurahi kuniona, hilo ndilo lililoniumiza kupita yote. "Dada wa mlimani," akaniita, jina alilonipa mumewe. "Karibu. Bashiri alikuwa anakusema kila siku."

Nilimwambia yote. Sikukaa kwenye kiti, nilikaa sakafuni. Nilimweleza neno, faili, walinzi wanne, kila kitu, na yeye alisikiliza bila kunikatiza, mikono mapajani. Nilipomaliza, nje palikuwa na mtu anapara samaki.

"Kwa hiyo yule mzee hakuwa na kosa."

"Hakuwa nalo."

"Na mimi nimemlaani siku zote zile kabla hajaja."

Akakunja pembe ya mkeka, akaikunjua tena.

"Hilo boya lenu sasa liko wapi?"

"Liko palepale majini. Ni zima," nikasema. Neno lilinitoka kabla sijalishika.

Mwanamvua alinitazama. Macho yake hayakuwa na machozi, na heri yangekuwa nayo.

"Zima," akasema. "Sawa. Ni zima."

Nikapiga magoti. Nikamwomba msamaha kwa jina la Mungu, kwa jina la Bashiri, kwa kila jina nililolikumbuka. Aliniacha nimalize. Kisha akajifunga kanga yake vizuri begani, akasema taratibu, bila hasira, kama mtu anayemwambia jirani kwamba chumvi imeisha:

"Dominika, msamaha ule niliutafuta sana. Usidhani ulikuwepo tu, niliutafuta siku baada ya siku humu ndani. Nikaupata mmoja. Nimeshampa yule mzee, na siwezi kwenda kumnyang'anya."

Akaniambia ninywe maji kabla ya safari, njia ya kupanda ni ndefu. Nikayanywa.